GRZIMEK NA HAKI YA WENYEJI

Ukingoni mwa Ngorongoro, magharibi ya Arusha, wamelazwa Wajerumani wawili: Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe, Michael. Baba, aliyezaliwa mwaka 1909, aliongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt toka 1945 hadi 1974. Pamoja waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa rangi mfano wa punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa. Baba aliikamilisha kazi. Kitabu chao kuhusu Serengeti kikasomwa ulimwenguni, na filamu yake ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Hatuna budi kuuheshimu mchango huo. Lakini mizani ina vitanga viwili. Grzimek alishikilia kwamba hifadhini asikae binadamu, hata mwenyeji. Na mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Serengeti. Wameru walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wa namna hiyo mwaka 1951, walipofukuzwa Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili ardhi wapewe walowezi. Ndugu Kirilo Japhet alikifikisha kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Grzimek alifariki mwaka 1987. Aliwatetea viumbe wasio na kauli, na hiyo ni sifa njema. Nasi twawaasa viongozi, wa Bara na wa Visiwani tulio na Jozani yetu: kabla ya kuweka mpaka wa hifadhi, wasikilizeni kwanza wananchi wenye kauli.