Eugène Houdry, mhandisi aliyetoa petroli bora kwa nguvu ya udongo

Ni wahandisi wachache walioudai udongo wa mfinyanzi kazi kubwa kama Eugène Houdry. Alizaliwa tarehe 18 Aprili 1892 huko Domont, karibu na Paris, Ufaransa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alihudumu katika kikosi cha vifaru, na mwaka 1917 alijeruhiwa vitani.

Amani iliporejea, mapenzi yake ya mashindano ya magari yalimfunza kwamba injini bora huhitaji petroli bora. Kwa kuwa nchi yake ilikosa mafuta ya kutosha, alijaribu kutengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe duni. Kiwanda chake cha majaribio cha mwaka 1929 hakikuweza kujilipa, na serikali ikaacha kumsaidia.

Hata hivyo, tayari alikuwa amegundua jambo kubwa zaidi. Mvuke wa mafuta mazito ukipitishwa juu ya udongo uliotiwa asidi, wenye silika na alumina, molekuli ndefu hukatika zikawa fupi, na petroli hupatikana kwa wingi. Udongo huo ni kichocheo tu. Hauliwi na kazi yake. Kikwazo kilikuwa kaboni, iliyougandamia kwa dakika chache na kuufisha nguvu. Houdry akaiunguza kwa hewa, na udongo ukarudi kazini.

Mwaka 1930 alihamia Marekani. Mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil ilizindua mtambo wake huko Marcus Hook, Pennsylvania, wenye uwezo wa kusafisha mapipa 12,000 kwa siku. Katika Vita Vikuu vya Pili, petroli ya njia hiyo iliziendesha ndege za Washirika. Serikali ya Vichy ilimvua uraia kwa kuunga mkono Ufaransa Huru. Mwaka 1942 akawa raia wa Marekani.

Uzeeni alihangaishwa na moshi wa magari yale yale aliyoyapatia petroli, akabuni kifaa chenye kichocheo cha kuusafisha. Lakini risasi iliyotiwa katika petroli ilikiharibu. Houdry alifariki dunia tarehe 18 Julai 1962. Vifaa vya namna hiyo vilienea katika magari ya Marekani katikati ya miaka ya 1970, petroli isiyo na risasi ilipoanza kupatikana.