Frantz Fanon: Tabibu Aliyefunzwa na Wagonjwa Wake

Jina la Frantz Fanon hutajwa mara kwa mara katika madarasa ya fasihi kila masuala ya ukoloni na ukombozi yanapojadiliwa. Wengi humjua kama mwandishi na mwanamapinduzi. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwatibu watu wenye maradhi ya akili, na kwamba baadhi ya fikra zake zilikomaa wodini, mbele ya wagonjwa ambao lugha yao hakuijua.

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai, 1925 mjini Fort-de-France katika kisiwa cha Martinique, kilichokuwa koloni la Ufaransa. Angali kijana alijiunga na jeshi la Ufaransa Huru, akapigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na kujeruhiwa. Baada ya vita alisomea udaktari mjini Lyon. Mnamo mwaka wa 1952 alichapisha kitabu chake cha kwanza, kilichochunguza athari za ubaguzi wa rangi katika nafsi ya mtu mweusi. Mwaka uo huo alitoa makala kuhusu vibarua wa Afrika Kaskazini waliokuwa Ufaransa, akiwalaumu madaktari waliowaona wagonjwa hao kuwa wavivu na waongo kwa kuwa tu chanzo cha maumivu yao hakikuonekana mwilini. Kisha alifanya kazi Saint-Alban chini ya François Tosquelles, tabibu aliyeamini kuwa hospitali yapaswa kuwa jamii hai, wala si gereza.

Mnamo Novemba 1953, Fanon aliwasili katika hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria. Wagonjwa hapo walitenganishwa kwa misingi ya asili zao. Fanon alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Akishirikiana na Jacques Azoulay, aliyekuwa daktari mwanagenzi, alianzisha tiba ya kijamii: mikutano ya wagonjwa, sherehe, filamu, ushoni na gazeti la hospitali. Kwa wanawake, mabadiliko yalionekana upesi. Kwa wanaume, juhudi hizo ziligonga mwamba. Mikutano ilipooza, nyimbo hazikuwagusa, na kazi ya kusuka waliiona kuwa ya wanawake.

Katika kipindi hicho, maelezo ya haraka ya kutofaulu huko yalikuwa tayari. Wafuasi wa Antoine Porot mjini Algiers walikuwa wakifundisha kuwa akili ya Mwafrika wa Kaskazini ni duni kimaumbile. Kwingineko barani, J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, alichapisha kazi mnamo 1953 kupitia Shirika la Afya Duniani, akimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, Carothers huyo huyo aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya ripoti iliyoyageuza madai ya Mau Mau kuwa tatizo la kisaikolojia. Fanon angeweza kuufuata mkondo huo na kuwatupia wagonjwa lawama. Hakufanya hivyo. Katika makala aliyoiandika pamoja na Azoulay mnamo 1954, alikiri waziwazi kuwa kosa lilikuwa la matabibu: walikuwa wamewavisha Waalgeria vazi lililoshonewa watu wengine.

Makala hiyo ililizingatia pia suala la lugha. Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle, hivyo alimtegemea mkalimani. Lakini mgonjwa alikuwa amekwisha kumzoea mkalimani katika ofisi za serikali na mahakama za wakoloni. Kumkuta tena mbele ya tabibu kulimfanya ajihisi mshtakiwa, na maneno ya mshtakiwa huwa na tahadhari. Zaidi ya hayo, ni mengi yaliyopotea njiani kati ya vinywa viwili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ulifunguliwa mkahawa ambamo wanaume waliketi wakinywa na kuzungumza, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, na fanani akaalikwa kuwasimulia hadithi. Hadhira iliyokuwa bubu ikapata uhai. Fanon aliendelea kutafiti jinsi jamii za Algeria zilivyouelewa wazimu. Alibaini kuwa, kwa kuwa maradhi yalihusishwa na majini, mgonjwa hakulaumiwa kwa matendo yake, na alipopona alirejea katika jamii bila kinyongo. Imani ambayo wengine waliidharau ilikuwa na utu ndani yake.

Vita vya ukombozi vilivyoanza Novemba 1954 vilimletea wagonjwa wa namna nyingine: walioteswa, na hata polisi waliotesa. Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, kwani aliona muhali kuponya akili za watu katika utawala uliozivunja kila siku. Alifukuzwa Algeria Januari 1957, akaelekea Tunis. Huko alihudumu na kuanzisha tiba ya kutwa, ambapo mgonjwa alitibiwa mchana na kurejea kwa aila yake jioni.

Fanon alifariki kwa saratani ya damu tarehe 6 Desemba, 1961 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa katika ardhi ya Algeria, iliyopata uhuru Julai 1962 bila yeye kuushuhudia. Hospitali ya Blida ilipewa jina lake baadaye.

Kwa mwanafunzi wa lugha, maisha haya yana funzo zito. Hadithi, mkahawa na sikukuu vilifungua mlango ambao ujuzi wa kigeni ulishindwa kuufungua. Anayetaka kumponya mja hana budi kwanza kuijua lugha anayolilia kwayo.