Umm Kulthum: Sauti Iliyotoka Chuoni

Kila nisikiapo waimbaji wetu wa taarabu wakimeza maneno, humkumbuka marehemu Umm Kulthum wa Misri. Nilimjua kwa santuri na kanda tu, lakini ndiye aliyenionyesha kuwa kuimba ni kutamka kwanza.

Alizaliwa kijiji cha Tamay al-Zahayra, katika delta ya mto Nili. Babaye, imamu wa msikiti, alimtia chuoni akasoma Kurani. Mzee huyo alikuwa akighani kaswida harusini kujiongezea riziki. Alipoitambua sauti ya bintiye alifuatana naye, akimvisha nguo za kiume kwa kuchelea maneno ya watu.

Miaka ya 1920 akahamia Cairo. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ilirusha tamasha lake na nchi za Waarabu zikanyamaza. Mshororo mmoja aliweza kuurudia mara nyingi, kila mara kwa ladha mpya, wala herufi isipoteze makharija yake.

Misri iliposhindwa vitani 1967, aliimba Paris mwaka huo huo, mapato akayatoa kwa nchi yake.

Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Umati ulilitwaa jeneza, ukalipeleka msikiti wa Sayyidna Hussein.

Wako wasemao chuo na wimbo havikai nyumba moja. Sina fatwa ya kutoa. Nijualo ni kwamba sauti ile ililelewa na alifu na be, na atakaye kudumu na aanzie hapo. Mola amrehemu.