Karatasi za Raphael Lemkin, mtunzi wa neno jenosidi

Neno jenosidi tunalisikia huku kwetu karibu kila juma: kwenye redio, katika maandamano, mara nyingine hata mimbarani. Wachache wanajua kwamba kabla ya mwaka 1944 neno hilo halikuonekana katika kitabu chochote. Lilitungwa na mtu mmoja, profesa wa sheria, Myahudi wa Polandi na mkimbizi. Jina lake Raphael Lemkin.

Alizaliwa mwaka 1900 shambani, karibu na mji wa Wołkowysk ambao leo uko Belarusi. Mama yake, Bella, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Akiwa bado mtoto alisoma riwaya ya Quo Vadis, inayosimulia jinsi Kaisari Nero alivyowaua Wakristo mbele ya umati. Habari hiyo haikumtoka moyoni hadi uzee. Ndiyo, mtoto wa Kiyahudi alianza njia yake kwa kuwalilia Wakristo.

Alisomea sheria katika chuo kikuu cha Lwów. Hapo alisikia kesi ya kijana Mwarmenia aliyempiga risasi, mjini Berlin mwaka 1921, mmoja wa wakubwa wa Uturuki waliosimamia mauaji ya Waarmenia. Lemkin alimwuliza profesa wake kwa nini mwuaji wa mtu mmoja anahukumiwa, lakini aliyeua watu wengi sana hana sheria ya kumshika. Profesa alijibu kwa mfano wa mfugaji na kuku zake: akitaka kuzichinja, jirani hana la kusema. Serikali na raia zake ni vivyo hivyo. Jibu hilo Lemkin alilikataa maisha yake yote. Mwaka 1933 alituma pendekezo la sheria kwenye mkutano wa wanasheria mjini Madrid, lakini halikupokelewa.

Septemba 1939 Wajerumani waliingia Polandi. Lemkin alikimbia kutoka Warsaw, akapitia nyumbani, akawasihi wazazi waondoke naye. Walikataa kuacha nyumba yao. Aliendelea peke yake mpaka Uswidi.

Huko Stockholm ndipo kazi ya karatasi ilianza. Wajerumani hawakuficha amri zao. Walizichapa katika magazeti rasmi ya kila nchi waliyoiteka. Lemkin alianza kuzikusanya moja baada ya nyingine. Amri moja ukiisoma peke yake utadhani ni mambo ya kawaida ya ofisi: kuandikisha majina, kugawa chakula, kukataza ndoa fulani, kubadilisha lugha ya shule, kuchukua mashamba. Lakini alipozipanga pamoja aliona njia nzima, hatua kwa hatua, ya kumaliza watu. Wauaji walikuwa wameandika ushuhuda juu yao wenyewe, na walitia sahihi. Alizibeba karatasi hizo kupitia Urusi na Japani mpaka Marekani, Aprili 1941, ambako Chuo Kikuu cha Duke kilimpa kazi ya kufundisha.

Mwaka 1944 zilitoka katika kitabu cha kurasa zaidi ya 600, na ndani yake neno jipya: genos ya Kigiriki, yaani jamii au kabila, pamoja na neno la Kilatini la kuua. Hapa naomba tusimame kidogo, sababu sisi watu wa mashariki tunalitumia neno hili kwa uchungu, na mara nyingi kwa haraka. Katika sheria, kinachopimwa kwanza si hesabu ya maiti. Ni kusudi la kuangamiza kundi la watu kwa sababu ya taifa lao, kabila, rangi au dini. Mauaji mengine ya raia yana majina mengine katika sheria, na wafu wake si wadogo mbele ya yeyote.

Vita vilipokwisha, Lemkin alijua kwamba jamaa zake 49 wameuawa, na wazazi wake wawili ni kati yao. Alifuata wajumbe wa Umoja wa Mataifa katika kila korido, akiwasumbua kwa barua. Tarehe 9 Desemba 1948, mjini Paris, nchi za Umoja wa Mataifa ziliukubali Mkataba wa kuzuia jenosidi, hakuna iliyopinga. Lakini sehemu aliyoipenda sana, ya kukataza uharibifu wa lugha, vitabu na nyumba za ibada, iliondolewa. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilitoka Arusha mwaka 1998, katika kesi ya Akayesu wa Rwanda.

Yeye alikufa New York tarehe 28 Agosti 1959, maskini, bila mke wala mtoto. Watu wachache walifika kumzika. Maisha yake aliyoyaandika mwenyewe yalichapwa mwaka 2013 tu. Karatasi zingine ziligawanyika kati ya maktaba za New York na Cincinnati, pamoja na kitabu kikubwa alichokuwa anaandika juu ya jenosidi tangu zamani.

Katika kitabu hicho kuna sehemu juu yetu: Kongo ya Mfalme Leopold, mpira na mikono iliyokatwa. Mambo hayo Ulaya iliyajua kwa sehemu kubwa kupitia wamisionari Waprotestanti, kama William Sheppard, Mmarekani mweusi wa Kasai, aliyehesabu mikono 81 mwaka 1899. Lemkin aliyaita jenosidi. Lakini lawama nyingi aliiweka juu ya askari weusi, kwa maneno ya dharau ambayo Mkongomani hawezi kuyasoma bila kuumia. Kwa Polandi alikuwa ameshika amri zenyewe, mpaka sahihi ya aliyeagiza. Kwa Kongo alitegemea vitabu vya Wazungu, na sauti ya mwanakijiji aliyekatwa mkono haikufika mezani pake.

Kurasa hizo hakuzichapa. Zilibaki ndani ya maboksi.