Samuel Baker na mitungi ya pombe ya Masindi

Samuel White Baker, Mwingereza aliyefariki mwaka 1893, anakumbukwa katika historia ya Afrika Mashariki kwa mambo mawili. La kwanza ni kulifikia Ziwa Albert mwaka 1864. La pili ni kupandisha bendera ya Misri huko Gondokoro mwaka 1871, ng'ambo ya Mto Nile kutoka mahali ulipo leo mji wa Juba. Lipo jambo la tatu ambalo halitajwi sana: pombe ya kienyeji ilimfuata katika safari zake zote, na mitungi michache ya pombe ya ndizi ikawa chanzo cha tuhuma iliyolichafua jina la ufalme mzima wa Bunyoro.

Kwa wakazi wa Juba, na hasa wale wa eneo la Custom lenye soko na kituo cha magari, ambako Kiswahili husikika pamoja na Kiarabu cha Juba na lugha za Uganda, habari hiyo si ya kale tu. Marisa ya mtama na kwete ya mahindi bado hupikwa majumbani, na mapato yake hulisha watoto na kulipa karo. Watu wa nje wamekuwa wakiitazama pombe hiyo kwa shaka tangu siku za Baker. Maisha yake yanaonyesha jinsi shaka hiyo ilivyoweza kugeuka moto.

Mtoto wa familia ya sukari

Baker alizaliwa London tarehe 8 Juni 1821. Familia yake ilitajirika kwa biashara ya sukari, na ilikuwa na mashamba ya miwa Jamaika na Mauritius. Mwaka 1843 alimwoa Henrietta Martin, akaenda kwanza Mauritius na kisha Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka.

Huko, katika nyanda za juu za Nuwara Eliya, aliamua kuanzisha makazi ya Kiingereza. Alileta kwa meli wakulima, mafundi, mifugo na mbegu. Jina lake linatajwa pia katika historia ya utengenezaji wa bia wa mji huo, ambao baadaye ulipata kiwanda kikubwa cha bia. Hali ya hewa ilikuwa baridi, nayo maji ya milimani yaliifaa bia ya Kizungu.

Mwaka 1855 familia ilirejea Ulaya, na Henrietta akafariki mwaka huohuo. Baker aliachwa na mabinti wanne, akawakabidhi kwa ndugu zake. Mwaka 1859, katika mji wa Vidin ulio sasa nchini Bulgaria, alikutana na msichana aliyekuwa akiuzwa mnadani kama mtumwa. Alimtorosha, na tangu siku hiyo hawakuachana. Msichana huyo ndiye Florence, aliyesafiri naye katika kila hatua iliyofuata barani Afrika.

Gondokoro, mwaka 1863

Baker na Florence waliwasili Gondokoro mwezi Februari 1863, wakitokea Khartoum. Wakati huo Gondokoro haikuwa mji. Ilikuwa bandari ya wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, katikati ya nchi ya Wabari. Mji wa Juba ulijengwa katika miaka ya 1920, upande wa magharibi wa mto.

Siku chache baadaye waliingia John Hanning Speke na James Grant, waliokuwa wamefunga safari kutoka Zanzibar. Pamoja nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa wapagazi aliyejulikana pwani nzima. Hivyo Kiswahili kilisikika katika ukingo huo wa Nile zaidi ya miaka 160 iliyopita, kabla Juba haijawa na jina katika ramani.

Speke alimweleza Baker kuhusu ziwa ambalo hakuwahi kulifikia. Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muua nzige. Baker alilifikia tarehe 14 Machi 1864, akalipa jina la mume wa malkia wa Uingereza. Safari ilimgharimu sana. Wanyama wa mizigo walikufa, dawa ya kwinini ikaisha, na homa nusura imwue yeye na Florence.

Walipokwama Bunyoro kwa miezi kadhaa, Baker aligeukia ufundi wa nyumbani. Kwa mitungi na vyombo vichache alivyokuwa navyo, alichachusha viazi vitamu, akavichemsha na kukinga mvuke wake hadi akapata pombe kali ya kuchujwa. Aliamini kwamba kinywaji hicho ndicho kilichomwondolea homa. Imani hiyo haina msingi wa kitabibu, kwani pombe haiui vijidudu vya malaria. Hata hivyo, tukio hilo lilionyesha kwamba mgeni huyo aliithamini pombe aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe.

Viumbe wengi katika mtungi mmoja

Pombe ambayo Baker aliikuta kila alikopita ilikuwa ya namna nyingine. Marisa, anayoitaja mara nyingi katika vitabu vyake, huanza na mtama uliolowekwa hadi ukaota, kisha ukakaushwa na kusagwa uwe kimea. Unga mwingine hukandwa na kuachwa uchachuke. Sehemu ya donge hilo hukaangwa hadi igeuke rangi ya kahawia. Vyote hivyo huchanganywa na maji, na marisa kidogo ya zamani hutiwa iwe mbegu ya ile mpya.

Ndani ya mtungi hakuna chachu ya aina moja. Wamo bakteria wanaotengeneza asidi, ileile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake. Zimo pia chachu mbalimbali zinazoigeuza sukari kuwa kileo. Asidi huwazuia vijidudu vingi vyenye madhara, na ndiyo inayoipa marisa ladha yake ya uchachu. Kazi hiyo haisimami pombe ikiiva. Huendelea ndani ya mtungi, na baada ya siku chache kinywaji huelekea kuwa siki.

Pombe ya ndizi ya Bunyoro na Buganda hufuata kanuni hiyohiyo. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa majani makavu, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa kwa siku moja au zaidi. Chachu hutoka kwenye mtama, kwenye maganda na kwenye chombo chenyewe. Watengenezaji wa bia chachu za Ubelgiji, ambazo leo huuzwa kwa bei kubwa duniani, hutegemea mchanganyiko wa viumbe wa jamii hizohizo.

Sayansi ya mambo hayo ilikuwa changa. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake kuhusu bia mwaka 1876, na Emil Christian Hansen wa Copenhagen alifanikiwa kutenga chachu ya aina moja kwa ajili ya kiwanda mwaka 1883. Baker aliporudi Bunyoro mwaka 1872, hakuna mtu katika kambi yake aliyekuwa na elimu ya kueleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya mtungi wa pombe.

Kurudi akiwa Pasha

Mwaka 1869 Ismail, mtawala wa Misri, alimwajiri Baker kwa miaka minne kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, akampa cheo cha Pasha. Kazi yake ilikuwa kuitwaa nchi ya Nile ya juu kwa niaba ya Misri na kuikomesha biashara ya watumwa.

Magugu ya mtoni yaliichelewesha safari kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baker alifika Gondokoro mwezi Aprili 1871, na tarehe 26 Mei aliitangaza kuwa mali ya Misri. Aliipa jina jipya, Ismailia. Wabari, chini ya kiongozi wao aliyeitwa Alloron katika maandishi ya Baker, hawakuona sababu ya kulilisha jeshi ambalo hawakulialika. Baker alitwaa ng'ombe kwa nguvu, kisha askari wake wakavuna nafaka katika mashamba ya Belinian, mashariki ya mto. Nafaka iliyochukuliwa ilikuwa uji wa watoto, mbegu ya msimu uliofuata na kimea cha pombe ya sherehe na matanga.

Kazi ya kupinga utumwa nayo ilikuwa ya kweli. Baker aliwaachilia mateka wengi na kupigana na mawakala wa biashara hiyo. Ngome ya Patiko, karibu na Gulu, ambako aliwashinda watu wa mfanyabiashara Abu Saud mwezi Agosti 1872, bado inatembelewa hadi leo. Ugumu wa kumhukumu Baker uko hapo: mkono uliofungua minyororo ndio uliokwapua mavuno.

Usiku wa mitungi

Baker aliingia Masindi, mji mkuu wa Bunyoro, mwezi Aprili 1872 akiwa na askari wapatao mia moja. Omukama Kabalega, kijana aliyekuwa amerithi kiti cha baba yake Kamurasi muda mfupi kabla, alimpokea kwa tahadhari. Tarehe 14 Mei Baker aliitangaza Bunyoro kuwa chini ya Misri, mbele ya wenyeji ambao hawakuombwa ridhaa. Alijenga ngome ya miti. Chakula kilizidi kupungua, na uhusiano ukaharibika siku hadi siku.

Tarehe 7 Juni, mitungi ya pombe ya ndizi ililetwa kambini kutoka kwa Kabalega. Askari, waliokuwa na njaa, walikunywa. Kwa maelezo ya Baker, muda mfupi baadaye wengi wao waliugua vibaya na baadhi wakapoteza fahamu. Aliwapa dawa za kutapisha na akaamini kwamba wamelishwa sumu. Kesho yake asubuhi risasi zililia kuizunguka kambi. Watu kadhaa wa Baker waliuawa, akiwemo Monsoor, mtumishi wake mwaminifu. Askari wake waliichoma Masindi, na nyumba za nyasi zikateketea zote.

Tarehe 14 Juni Baker aliiacha ngome yake na kurudi nyuma kuelekea Foweira, akishambuliwa kwa mikuki njia nzima. Florence alitembea kwa miguu pamoja na askari.

Je, pombe ile ilikuwa na sumu? Shambulio la asubuhi iliyofuata linaipa tuhuma hiyo uzito. Hata hivyo, kila neno lililoandikwa kuhusu usiku ule lilitoka upande mmoja, na pombe yenyewe haikupimwa. Pombe ya ndizi iliyokolea, ikinywewa kwa pupa na watu wenye njaa, huweza kuwaangusha bila sumu yoyote. Baker hakuipa nafasi hoja hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1874, Kabalega alichorwa kama msaliti, na picha hiyo ikasomwa na maofisa wa Uingereza waliokuja baada yake.

Bei iliyolipwa

Baker alirejea Gondokoro tarehe 1 Aprili 1873, siku mkataba wake ulipokwisha. Charles Gordon alichukua nafasi yake mwaka uliofuata. Baker alinunua nyumba kubwa karibu na Newton Abbot, kusini magharibi mwa Uingereza, akaishi humo kwa heshima, akiwinda na kuandika. Alifariki tarehe 30 Desemba 1893. Florence alifariki mwaka 1916.

Mwezi huohuo wa kifo chake, majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiingia Bunyoro. Vita viliendelea kwa miaka, na njaa na maradhi vikapunguza sana idadi ya watu. Kabalega alikamatwa mwezi Aprili 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafariki njiani, Jinja, mwezi Aprili 1923, kabla ya kuiona Bunyoro tena. Leo Waganda wengi wanamhesabu miongoni mwa mashujaa wa nchi yao.

Tuhuma ya mitungi haikuwa sababu pekee ya vita hivyo. Pembe za ndovu, njia za Nile na ushindani na Buganda vilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo, ilirahisisha kazi ya kuwashawishi wasomaji wa Ulaya kwamba ufalme huo ulistahili adhabu.

Jina la Baker limebaki katika vitabu, na la Kabalega katika barabara na shule. Waliokamua ndizi, wakachanganya mtama na kuijaza mitungi ile hawakutajwa na yeyote. Ujuzi wao ndio uliodumu: kujua siku ya kukausha kimea, harufu ya donge lililokwisha kuchacha, na saa ambayo pombe inafaa kunywewa kabla haijawa siki. Kutoka Masindi hadi Custom, ujuzi huo bado hupokezwa nyumbani, bila kitabu.