Cicely Williams: Daktari Aliyelisikiliza Jina la Ugonjwa

Mwanafunzi wa isimu hufunzwa kuwa istilahi nzuri sharti iwe fupi, wazi na isiyotatanisha. Ni nadra kukumbushwa kuwa istilahi yaweza pia kumwokoa au kumwangamiza mtoto. Maisha ya Daktari Cicely Delphine Williams yanalidhihirisha jambo hilo.

Williams alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 huko Kew Park, Jamaika, katika familia ya walowezi. Akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Baadaye alirejea Jamaika kuwasaidia wazazi wake, na kwa hivyo hakujiunga na Chuo cha Somerville, Oxford, hadi 1917, wakati ambapo Vita Vikuu vilikuwa vimewatwaa wanafunzi wa kiume na kuwafungulia wanawake mlango wa udaktari. Alihitimu mwaka 1923, na mwaka 1929 akatumwa na serikali ya kikoloni kuhudumu Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana.

Mjini Accra alikumbana na watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne ambao miguu na mikono yao ilikuwa imevimba, ngozi ikibambuka na nywele zikififia rangi. Wengi walifariki. Williams aliwauliza wanawake wa pale ugonjwa huo waliuitaje. Alielezwa kwamba katika lugha ya Ga uliitwa kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu ya kuja kwa mdogo wake. Jina lenyewe lilikuwa limebeba uchunguzi: mtoto alikuwa amepoteza maziwa ya mama na kuachiwa uji wa mahindi, chakula cha kushibisha kisichokuwa na protini ya kutosha.

Mwaka 1933 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo katika jarida la kitabibu. Baadhi ya wataalamu, akiwemo Hugh Stannus, walishikilia kwamba ile ilikuwa pelagra tu. Williams hakutishika. Mwaka 1935 aliandika tena, mara hii katika jarida la Lancet, na akalitumia jina la Ga waziwazi. Hatimaye ulimwengu wa tiba ulilikubali. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wanawake wa Accra ndio waliokuwa wa kwanza kuuona uhusiano uliolijenga jina hilo.

Kiswahili kimelipokea neno hilo kama kwashakoo. Pia kinalo neno unyafuzi. Lakini Waswahili walikuwa tangu hapo na neno kubemenda, linalotumiwa mtoto anayenyonya anapodhoofika na ikadhaniwa kuwa wazazi wamemdhuru kwa mwenendo wao, kwa mfano mama kushika mimba nyingine mapema. Maneno haya mawili yameona jambo linalokaribiana, ila mielekeo yake ni tofauti. Neno la Ga linatuelekeza kwa mtoto na mahali alipoondolewa. Kubemenda kunawaelekezea wazazi kidole, aghalabu mama. Mama anayeogopa kuitwa mbemendaji huenda akamficha mwanawe badala ya kumpeleka kliniki.

Hatari nyingine imo katika neno uzito. Mtoto mwenye marasmasi hukonda hadi mifupa ikaonekana, wala hakuna anayekosa kutambua kuwa ni mgonjwa. Mwenye kwashakoo huvimba maji, mashavu yakajaa na mizani ikadanganya. Ndiyo maana wahudumu wa afya hubonyeza miguu yote miwili: kishimo kikibaki, huo ni utapiamlo mkali, uzito uwe uwao. Vilevile yafaa tutenganishe istilahi tatu zinazochanganywa mno. Kudumaa ni kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri. Ukondefu ni kuwa na uzito mdogo kwa kulinganisha na kimo. Uzito pungufu ni uzito mdogo kwa kulinganisha na umri. Mtoto aliyedumaa huenda asiwe mkondefu, na hata huenda akawa na uzito uliozidi kimo chake. Kwa hivyo, neno utapiamlo si sawa na njaa: linahusu upungufu wa lishe na pia unene wa kupindukia.

Mwaka 1936 Williams alihamishiwa Malaya. Huko alipambana na adui mwingine, maziwa mazito ya kopo yenye sukari, yaliyokuwa yakitangazwa kuwa yanawafaa watoto wachanga. Mwaka 1939, katika hotuba mjini Singapore, alidai kwamba upotoshaji huo ulikuwa sawa na mauaji. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942, alifungwa katika gereza la Changi. Alitoka mwaka 1945 akiwa amedhoofishwa na njaa na maradhi ya beriberi. Aliyewatibu wenye utapiamlo alikuwa ameuonja mwenyewe. Mwaka 1948 aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani.

Utafiti uliendelea Afrika Mashariki pia. Hugh Trowell, aliyekuwa amefanya kazi Kenya kabla ya kwenda Uganda, alishirikiana na wenzake kuandika kitabu kuhusu kwashakoo kilichotoka 1954. Tangu miaka ya sabini, wataalamu wamepinga dhana kuwa upungufu wa protini pekee ndio chanzo. Maambukizi na umaskini wa chakula kizima hutajwa pia, na mjadala haujafungwa. Jina la Ga, hata hivyo, halijaanguka, kwa sababu lilieleza hali ya mtoto bila kudai zaidi ya lilichokiona.

Williams alifariki Oxford tarehe 13 Julai 1992, akiwa na umri wa miaka 98. Sisi tunaounda istilahi za Kiswahili tuna la kujifunza kwake. Kabla ya kukimbilia Kilatini na Kiingereza, tuwaulize kwanza akina mama waliopanga foleni kliniki wanauitaje ugonjwa, na kwa nini. Kisha tuyapime majibu yao kwa makini: neno linalofichua chanzo tulikuze, na linalomtwika mama lawama tulieleze upya, ili asiogope kumleta mwanawe.