Malkia Victoria, mtawala aliyefuga vijibwa

Jina la Malkia Victoria wa Uingereza hutamkwa na wafanyabiashara wetu karibu kila siku, ila mwenyewe hakumbukwi. Anayepakia mzigo Mwanza, anayeshuka Port Bell, anayenunua samaki Kisumu, wote hao wamepita juu ya jina lake. Ziwa hilo lilipewa jina na Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1858, miezi michache tu baada ya yeye na mwenzake Richard Burton kufika Uvira kwa mtumbwi. Uvira ndiyo hiyo hiyo ya ng'ambo ya Rusizi, ambako akina mama wa Kinama huenda asubuhi na kurudi jioni.

Leo tuliache ziwa. Kuna habari ambayo vitabu tulivyosomea ukimbizini havikuigusa kabisa, nayo ni kwamba mwanamke huyo alikuwa mfugaji wa mbwa, tena mfugaji hodari. Vile vijibwa vyenye manyoya mengi na uso kama wa mbweha, ambavyo siku hizi watu wenye uwezo huvibeba mkononi kama mtoto mchanga, udogo wao umetokana kwa kiasi kikubwa na yeye.

Victoria alizaliwa tarehe 24 Mei 1819 katika jumba la Kensington, London. Hakufikisha hata mwaka mmoja, baba yake akafariki. Mama yake, akishauriana na msimamizi wa nyumba aliyeitwa John Conroy, alimlea kwa kumfungia. Binti huyo alilala chumba kimoja na mama yake mpaka siku alipopata ufalme, na watoto wa rika lake aliwaona kwa nadra. Mwaka 1833 Conroy alimzawadia mama mtu mbwa mdogo wa aina ya spanieli, jina lake Dash. Haikuchukua muda mbwa akahamia kwa binti, naye akamvisha koti jekundu na suruali ya buluu kama mwanasesere. Anayejua upweke wa kukulia mahali usipoweza kutoka bila ruhusa hatamcheka.

Tarehe 20 Juni 1837, akiwa na umri wa miaka 18, akawa Malkia. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni, alivikwa taji mbele ya wakuu wa nchi. Sherehe ile ilichukua saa nyingi. Aliporudi nyumbani alivua mavazi ya kifalme, akapanda ghorofani kumwogesha Dash. Kwa hakika habari hiyo inamweleza vizuri kuliko picha zake zote za taji.

Februari 1840 aliolewa na binamu yake Albert, Mjerumani, wakazaa watoto tisa. Ajabu ni kwamba Victoria hakupenda mimba wala hakuvutiwa na watoto wachanga, naye hakulificha jambo hilo kwa mabinti zake. Kwa mbwa alikuwa mtu mwingine. Yeye na Albert walijenga mabanda ya mbwa katika bustani ya Windsor, yenye baraza ambapo Malkia alikaa kuwatazama. Mwaka huo huo wa 1840 alikipa hadhi ya kifalme chama cha kupinga ukatili kwa wanyama. Aidha, hakupenda mbwa wakatwe masikio au mikia kwa ajili ya urembo, desturi ambayo wakati huo wafugaji wengi waliiona ya kawaida.

Si kila mbwa aliyefika Windsor alifika kwa njia safi. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora na kuchoma jumba la mfalme wa China karibu na Peking. Humo askari walikuta vijibwa vitano vya kifalme, wakavichukua. Kimoja kililetwa kwa Malkia, naye akakipokea. Kikapewa jina la Looty, maana yake kitu cha kuporwa. Waliompa jina hilo hawakuona haya. Looty aliishi Windsor mpaka mwaka 1872.

Desemba 1861 Albert alifariki, na Victoria akavaa nguo nyeusi kwa muda wa miaka 39 iliyobaki ya maisha yake. Kwa miaka kadhaa karibu hakuonekana hadharani. Mbwa walikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kumsogelea bila kuomba miadi.

Sasa tufike Florence, nchini Italia, mwaka 1888. Malkia alikuwa na umri wa karibu miaka 69, amekwenda kupumzika. Huko akapenda vijibwa vya aina ya Pomerania, vilivyokuwa vidogo kuliko wale waliozoeleka Uingereza. Aina yenyewe haikuwa ngeni, kwani bibi yake, Malkia Charlotte, alileta wawili kutoka Ujerumani mwaka 1767. Lakini hao wa zamani walikuwa mbwa wa kutosha, wengine wakifikia kilo 14. Yule aliyemchukua Florence, aliyeitwa Marco, alikuwa na kilo tano na nusu hivi. Victoria akarudi naye nyumbani pamoja na wengine, akaanza kuzalisha.

Njia yake haikuwa siri. Unachukua dume mdogo na jike mdogo, unatazama watoto watakaozaliwa, unachagua tena wadogo wenye afya, na kadhalika kizazi baada ya kizazi. Katika kipindi cha maisha yake, mbwa wa Pomerania nchini Uingereza walipungua ukubwa kwa karibu nusu. Siku hizi kijibwa cha aina hiyo kina kilo mbili au tatu tu. Mchungaji wa ng'ombe wa Rutana anaielewa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo anayoifanya anapochagua fahali. Tofauti ni kwamba yeye huchagua ukubwa.

Hapa pana jambo ambalo wanaonunua hawaambiwi. Udogo una gharama yake, na anayelipa kwanza ni mama. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi (idadi ile ile ya miaka ambayo Victoria alitawala, kama mtu anapenda kukumbuka kwa namna hiyo). Mbwa wetu wa kawaida huzaa watoto sita au zaidi uani, peke yake, asubuhi unakuta wananyonya. Kijibwa kidogo huzaa mmoja, wawili au watatu, na kichwa cha mtoto kinaweza kuwa kikubwa kuliko njia. Ikiwa amesukuma kwa nguvu nusu saa au zaidi bila mtoto kutoka, huyo anahitaji daktari wa mifugo, pengine hata upasuaji. Na kwa kawaida uchungu huja usiku.

Wakishazaliwa, hawaoni wala hawasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika majuma hayo mawili mtoto hawezi kujipasha joto mwenyewe, kwa hiyo baridi humuua upesi kuliko njaa, hata hapa Bujumbura penye joto, mvua ikinyesha na sakafu ikiwa ya saruji. Wale wadogo kabisa wakikosa kunyonya kwa saa chache, sukari hupungua mwilini, wanalegea, wanatetemeka, wanakufa. Ndiyo sababu mfugaji wa kweli huwapima kila siku kwa mizani, na asiyeongezeka uzito humweka kwenye titi kwa mkono wake. Chakula laini huanza karibu juma la nne. Kumtenga na mama kabla ya majuma manane ni kumharibu, kwani kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kuuma kwa kiasi. Nasema hivi kwa sababu vijibwa vya majuma manne au matano huuzwa ndani ya katoni, vikisafirishwa kwa basi kama vifaranga. Bei ni ya mbwa wa kifalme, lakini mnyama mwenyewe hafiki mwisho wa mwezi.

Turudi Windsor. Mwaka 1891 Charles Cruft alifanya maonyesho ya mbwa wa aina zote huko Islington, London, na Malkia akapeleka vijibwa vyake sita vya Pomerania. Vilipata zawadi, na sidhani kama kulikuwa na mwamuzi mwenye ubavu wa kuvinyima. Baada ya hapo kila mwenye cheo akataka chake, na aina hiyo ikaenea.

Miaka minne baadaye, 1895, katika maonyesho hayo hayo wakaonyeshwa mbwa kutoka Kongo, wadogo, wekundu, mikia imejikunja, wasiobweka. Hawa ndio walioitwa baadaye basenji, neno lililo ndugu wa mshenzi kwetu. Waliletwa kutoka misitu ya kwetu, wakapewa tusi la kwetu kuwa jina lao. Hawakudumu. Distempa iliwaua muda mfupi baada ya kufika, kwa kuwa chanjo yake ilikuwa bado haijapatikana, na ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1930 ndipo wengine wakaletwa na kustawi huko.

Miaka hiyo ya vijibwa ndiyo hasa miaka ambayo serikali ya Malkia ilikuwa ikikata ardhi yetu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba uliogawa Afrika Mashariki. Uingereza ikapata nafasi Zanzibar na Uganda, Ujerumani ikabaki na bara lililokuja kuitwa Tanganyika, pamoja na upande huu wa Ruanda na Urundi, na ikapewa pia kisiwa kidogo cha Heligoland. Husemwa barabarani kwamba Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaisari mlima Kilimanjaro. Hizo ni porojo. Kinachojulikana ni kwamba hakupenda kuitoa Heligoland, kwa kuwahurumia wakazi wake wasioulizwa. Wakazi wa huku nao hawakuulizwa, na kwa hao sijaona popote kwamba alikosa usingizi. Mwezi Agosti 1896 manowari zake zilipiga jumba la Sultani Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Ndiye yule yule aliyekataa mikia ya mbwa isikatwe.

Katika jambo moja serikali yake ilistahili sifa. Kichaa cha mbwa kiliwaua Waingereza kama kinavyowaua Warundi mpaka leo. Mwaka 1897 amri ya kuwafunga mbwa midomo iliwekwa nchini humo, wenye mbwa wakalalamika sana, lakini kufikia 1902 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa. Sisi tunayo chanjo, ambayo wao hawakuwa nayo kwa mbwa, na mtoto wa mbwa huchomwa akifikia miezi mitatu. Anayevuka mpaka na mbwa asiye na cheti cha chanjo hiyo anabeba zaidi ya mbwa.

Januari 1901 Malkia, akiwa na umri wa miaka 81, alilala kitandani Osborne, kwenye kisiwa cha Wight, bila nguvu. Watoto na wajukuu wakakusanyika, akiwemo Kaisari Wilhelm, ambaye wakati huo bendera yake ilikuwa ikipepea Usumbura. Kaisari alimshikilia bibi yake kwa mkono mmoja, kwani mkono wake wa kushoto ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Malkia alitaka aletewe kijibwa chake, Turi, wa Pomerania. Akaletwa, akawekwa kitandani. Victoria alifariki jioni ya tarehe 22 Januari. Alizikwa tarehe 4 Februari pembeni mwa Albert huko Frogmore, ndani ya bustani ile ile ya Windsor yenye mabanda ya mbwa wake.